Imbuga: mwandishi aliyeanzia kwenye uigizaji

Ukitaka kujua kama mwandishi wa tamthilia amewahi kupanda jukwaani, mtazame mhusika wake asiyesema. Mwandishi wa mezani humsahau hapo, akasimama kama nguzo. Aliyewahi kuigiza humpa kazi. Francis Imbuga ni wa kundi la pili, na mimi ninayezielekeza tamthilia zake na wanafunzi naliona hilo kila muhula.

Alizaliwa Maragoli, magharibi mwa Kenya, mwaka 1947, akasoma shule ya upili ya Alliance, kisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka ya mwanzo ya 1970 aliiandikia televisheni ya Sauti ya Kenya michezo na kuigiza humo. Wachambuzi hukipita kipindi hiki mbiombio ili wafike kwenye vitabu. Nadhani wanakosea, maana huko ndiko alikofundwa. Studio haina nafasi ya umati: watu wawili watatu, chumba kimoja, maneno yabebe yaliyobaki. Fungua tamthilia yake Betrayal in the City ya mwaka 1976. Tunaanzia kwenye kaburi la Adika, mwanafunzi aliyepigwa risasi katika maandamano, kisha tunaingia seli ya gereza. Maandamano yenyewe hatuyaoni kamwe.

Halafu kuna Mulili, binamu ya Boss, mtawala wa Kafira (zipange upya herufi hizo, utapata Afrika). Kiingereza chake ni cha kuungaunga. Anataka kusema kuna nyoka majanini, yaani kikulacho ki nguoni mwako, lakini kwake majani ndiyo yanakuwa ndani ya nyoka. Wanafunzi huangua kicheko. Kumbe anayechekwa anaweza kukuua kwa ajili ya zabuni ya maziwa, na ndani ya mchezo hilo hutokea kweli. Kwa kicheko hicho Imbuga alisema mengi ambayo wenzake waliyalipia kwa kifungo. Mwaka 1977 Kenya iliupeleka mchezo huo kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika lililofanyika Lagos, pamoja na The Trial of Dedan Kimathi.

Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, akafanya kazi Rwanda pia, hadi alipofariki Novemba 2012. Kuna jambo hunifurahisha: tasnifu yake ya udaktari ilihusu tamthilia za John Ruganda wa Uganda, naye Ruganda akaandika kitabu kizima kumhusu Imbuga. Ni kama watani waliopokezana kalamu.

Onyesho la mwisho la Betrayal in the City ndilo hunipa kazi kubwa. Wahusika wanafanya mazoezi ya mchezo ndani ya mchezo, bunduki za mazoezi zimegeuka za kweli, na Mulili, ili ajiokoe, anamkana Boss aliyemlisha miaka yote. Boss hana la kusema. Kijana anayemwigiza hutaka kuitazama bunduki. Namwambia aiache bunduki, amtazame binamu yake, asipepese macho hadi Jusper, ndugu yake Adika, afyatue.