Msimu wa maigizo mtaani: yanayosemwa na yalivyo

Hapa Uganda, kikundi cha maigizo cha mtaani kikitangaza msimu wake, iwe Makindye, Jinja au Kasese, maneno yanayofuata huwa yaleyale. Nimeyasikia sokoni, nimeyasikia nje ya msikiti, na mara nyingine kutoka kwa ndugu wa waigizaji wenyewe. Nachukua yale yanayotuumiza zaidi.

"Hayo ni mambo ya watu wasio na kazi."

Hili ndilo linalotunyang'anya vijana, hasa wasichana. Mzazi hawezi kumruhusu binti yake arudi nyumbani saa mbili usiku kwa ajili ya kitu anachokiona upuuzi, na simlaumu. Lakini historia ya nchi hii inasema vingine. Byron Kawadwa aliandika na kuongoza maigizo ya Kiganda yaliyojaa nyimbo na vicheko, naye akapewa kuongoza Jumba la Taifa la Maonyesho hapa Kampala. Mwanzoni mwa 1977 igizo lake la Oluyimba lwa Wankoko, lenye fumbo la siasa ndani ya nyimbo, lilipelekwa Lagos kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa Waafrika, kuiwakilisha Uganda. Muda mfupi baada ya kurudi, watu wa Idi Amin walimkamata, akauawa. Utawala uliokuwa na vifaru na magereza ulimwogopa mtu wa jukwaani. Anayesema maigizo ni mchezo wa kupoteza muda, anieleze kwanza Kawadwa aliuawa kwa lipi.

"Maigizo yaliletwa na Wazungu."

Walileta jengo. Jumba la Taifa lilifunguliwa 1959, na miaka yake ya mwanzo jukwaa lilishikwa zaidi na vikundi vya Wazungu na Waasia. Ila Wycliffe Kiyingi alikuwa ameshaanzisha chama cha waigizaji Waafrika tangu 1954, wakiigiza kwa Kiganda. Na kabla ya hao wote kulikuwa na bibi aliyesimulia hadithi jioni, akibadilisha sauti kwa kila mnyama huku wajukuu wakiitikia kwa wimbo. Mwaka 1965 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiwa na mwalimu wao David Cook, walianza kuzunguka Uganda na Kenya na maigizo ya bure kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Kwa hiyo kikundi kinachotandika mkeka uwanjani leo hakiigi mtu. Kinaendeleza.

"Igizo la mtaani lazima lifundishe kitu."

Dhana hii ina mizizi ya heshima, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. UKIMWI ulipokuwa unamaliza familia nzima nzima, waigizaji walifanya kazi ambayo mabango hayakuiweza. TASO, shirika lililoanzishwa 1987, lilikuwa na vikundi vya watu wanaoishi na virusi waliosimama mbele ya majirani zao, wakaimba na kuigiza habari za maisha yao, wakati ambapo kutajwa tu kuwa unaumwa kulitosha kukuhamisha mtaa. Ujasiri huo siwezi kuusahau.

Tatizo ni mazoea yaliyobaki nyuma yake. Shirika linalipia igizo moja lenye ujumbe mmoja, na igizo linaishia kwa daktari kutoa hotuba. Watazamaji wakimwona yule mwenye koti jeupe anaingia, wanaanza kutafuta viatu vyao. Msimu mzima hauwezi kubebwa hivyo. Unahitaji igizo la mapenzi, unahitaji kichekesho, unahitaji historia. Katika kikundi chetu, igizo lililozua mjadala mrefu kuliko yote lilihusu ndugu wawili wanaogombania kibanja cha marehemu baba yao. Hakuna mhusika aliyesema nani ana haki. Onyesho lilipokwisha wazee hawakuondoka. Walivuta viti karibu wakaendelea na kesi wenyewe, mmoja akimtetea kaka mkubwa mpaka akasimama.

"Kiswahili ni lugha ya askari. Nani atakuja?"

Hapa pana kidonda. Wako watu ambao Kiswahili walichokisikia kwanza kilitoka kwenye kizuizi cha barabarani, kikiwa na bunduki. Asiwacheke mtu. Ni kweli pia kwamba Katiba iliyorekebishwa 2005 ilikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni, lakini sheria haijazi viti. Wanaojaza viti ni wafanyabiashara wa Busia, familia za polisi wa Nsambya, Wanubi wa Bombo, Wakongo wa Katwe na wale wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Hao hawazungumzi Kiswahili cha aina moja, na huo ndio utajiri wenyewe. Kwenye mazoezi yetu mwalimu mmoja aliyelelewa Mombasa alitaka kumsahihisha mama wa Bukavu kila aliposema "niko na furaha mingi". Mwongozaji akakataa: mhusika ni muuza vitenge kutoka Kongo, aseme hivyohivyo. Siku ya onyesho, mama yule alipofungua mdomo, upande mzima wa kushoto ulishangilia kabla hajamaliza sentensi.

"Bila jumba, hakuna msimu." Uwanja wa shule, viti vya kuazima kanisani, vitenge viwili vilivyoshonwa pamoja kuwa pazia, na taa za sola endapo umeme utakatika. Inatosha. Kinachoua misimu ni kalenda. Kampala mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Shule zikifunguliwa Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba, karo inamaliza pesa za kiingilio. Ramadhani nayo ina jioni zake, na kuanzia katikati ya Desemba watu wanakwenda vijijini. Ukiyaweka yote hayo mezani, Julai ndiyo inabaki imenona, na tarehe 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani.

La mwisho linatoka kwa sisi wenyewe: "Igizo la zamani ni la kila mtu, na sisi ni wa kujitolea, kibali cha nini?" Shakespeare alifariki 1616, kweli yuko huru. Lakini ukichukua Mabepari wa Venisi ya 1969, tafsiri ile ni kazi ya Julius Nyerere, aliyefariki 1999, na sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kutolipwa kwa waigizaji hakubadilishi hilo. Maonyesho ya hadhara nayo yana sheria yake tangu enzi za mkoloni, inayotaka igizo lipate kibali, na afisa anaweza kuomba kusoma mswada mzima. Barua ya kuomba haki na nakala ya mswada ziondoke kabla hamjagawana nafasi za kuigiza, maana majibu huchelewa, na mwigizaji aliyekwisha kukariri hakubali kwa urahisi kupewa igizo jingine.