Mwili unaposisimka mbele ya filamu: maswali na majibu

Baridi ya Juni na Julai ikishuka Mbeya, Iringa, Njombe na Makete, familia nyingi hujifungia sebuleni mapema na filamu huwekwa. Kama mtoa elimu ya afya, ninaamini kwamba saa mbili hizo zinaweza kumjenga mtu mwili na roho, na zinaweza pia kumpita bila kumwachia chochote. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi kuhusu kicho kinacholetwa na filamu, na kuhusu kuiangalia filamu kwa utulivu.

Swali: Kicho ni nini hasa, na kinahusiana vipi na afya?

Ukipanda milima ya Poroto kwenda Ziwa Ngosi, unatembea msituni huoni kitu zaidi ya miti, kisha ghafla ardhi inakatika mbele yako na maji ya kijani yako chini kabisa. Pale watu hunyamaza, hata waliokuwa wakipiga soga njia nzima. Hicho ndicho kicho: mshangao uliochanganyika na heshima, na wakati mwingine woga kidogo.

Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Dacher Keltner na Jonathan Haidt, walieleza kwamba hali hii ina sehemu mbili. Kwanza unakutana na kitu kikubwa kukuzidi, kiwe kikubwa kwa umbo, nguvu, umri au wema. Kisha akili inashindwa kukiweka mahali popote katika yale unayoyajua, ikalazimika kujipanga upya. Mwili nao hushiriki. Misuli midogo sana iliyo chini ya vinyweleo hukaza, vikasimama, kwa amri ya neva zilezile zinazoamka wakati wa baridi au hofu. Koo hubana, machozi hulenga.

Faida yake kwa afya inaelezwa kwa tahadhari. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015, ulioongozwa na Jennifer Stellar, ulikuta kwamba watu wanaopata hisia njema kama kicho mara kwa mara walikuwa na kiwango kidogo cha interlukini-6, kemikali inayopanda pale kinga ya mwili inapokuwa katika mapambano. Huo ni uhusiano tu. Haujathibitisha kwamba kicho ndicho kilichoishusha. Kwa hiyo mwenye presha au kisukari asiache vidonge vyake kwa sababu ameona filamu nzuri ya milima.

Kilicho wazi zaidi kiko upande wa akili na mahusiano. Mwaka huohuo wa 2015 Paul Piff na wenzake waliwasimamisha wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya mikaratusi mirefu sana, miti ya jamii ileile iliyojaa Mufindi, wakaitazama kwa dakika moja. Wengine waligeukia jengo. Mtu alipopita akaangusha kalamu zake, waliotazama miti ndio walioinama kumwokotea zaidi. Mtu anapojiona mdogo mbele ya kitu kikubwa, madeni na manung'uniko yake hupungua uzito kidogo, na jirani yake huanza kuonekana.

Swali: Lakini filamu ni picha tu. Inaweza kweli kuleta kicho, au tunajidanganya?

Inaweza. Watafiti wenyewe, wanapotaka kuamsha kicho maabara, mara nyingi huwaonyesha watu video fupi za maporomoko, milima na anga. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012, Melanie Rudd na wenzake waliona kwamba watu waliotiwa kicho, wengine kwa video, walijihisi wana muda wa kutosha na hawakuwa na haraka kama wenzao. Kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi sokoni Mwanjelwa, kuhisi ana muda si jambo dogo.

Filamu pia inafika pale macho yetu hayafiki. Ua linalochukua siku nzima kufunguka hufunguka mbele yako kwa sekunde chache. Desemba 1968 wanaanga wa Apollo 8 walipiga picha ya dunia yetu ikichomoza juu ya upeo wa mwezi, bluu na nyeupe, peke yake gizani. Leo hii mtoto wa Kyela anaweza kuiona dunia hivyo akiwa amekaa kwenye mkeka.

Na usidhani kicho ni cha milima na nyota peke yake. Mara nyingi kinachowasisimua watu ni wema: mtu kwenye filamu anamsamehe aliyemuua ndugu yake, au anarudi motoni kumtoa asiyemjua. Binafsi hapo ndipo ninapoguswa zaidi.

Swali: Mimi ni mzee wa miaka 74, magoti hayanipeleki tena mlimani. Mjukuu ananiwekea filamu za wanyama na nyota, nami machozi yananitoka. Je, ni ugonjwa?

Shikamoo mzee wangu. Kama machozi yanakuja pamoja na hisia ya shukrani au mshangao, na baada yake unajisikia mwepesi, huo si ugonjwa. Endelea, na umwambie mjukuu akae nawe badala ya kukuwekea na kuondoka.

Ila machozi yana aina zake. Ukiona unalia siku nyingi bila sababu, huna hamu ya chakula wala ya watu, usingizi umekimbia, na hali hiyo imepita wiki mbili, hiyo huenda ni sonona, na inatibika. Vilevile kuna watu ambao, hasa baada ya kiharusi, hupasuka kwa kilio au kicheko kisicholingana kabisa na wanachokihisi moyoni. Hao pia wamwone daktari.

Swali: Kuangalia filamu kwa utulivu kunafanywaje? Si kila mtu huangalia tu?

Wengi wetu tunaangalia huku simu iko mkononi, ugali mapajani, na akili iko kwenye marejesho ya VICOBA. Filamu inapita kama gari la Tunduma.

Utulivu ninaousema hapa ni kuuleta umakini kwenye kinachotokea sasa, na kuurudisha kila unapotoroka, bila kujikaripia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo mbinu za namna hii katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, na tangu hapo zimeenea hospitali nyingi duniani. Kuzihamishia kwenye filamu ni rahisi.

Chagua filamu moja kabla hujakaa. Flashi yenye filamu arobaini huleta tabia ya kuonja na kuruka, na kicho hakiji kwa kuonja. Kula kwanza, simu ibaki chumba kingine. Kaa mgongo ukiwa umeegemea vizuri, nyayo sakafuni, ushushe pumzi taratibu mara chache kabla ya kuwasha.

Kuhusu sauti, nina neno na wapenzi wa filamu zilizotafsiriwa. Wale watangazaji wanaoingiza maneno ya Kiswahili juu ya filamu wamefanya kazi kubwa: wamewafikishia hadithi za dunia watu ambao wasingezielewa. Lakini mtangazaji hawezi kuacha kimya kipite, na kicho hupenda kimya. Ukitaka filamu ikuguse namna hii, tafuta yenye sauti yake halisi. Filamu za asili zina maneno machache, hata asiyejua lugha hapotezi mengi.

Filamu ikiendelea, usikimbilie kuielewa yote. Ikifika sehemu inayokushika, angalia na mwili wako: kifua kinafanya nini, koo, mikono. Wazo la viazi vilivyobaki shambani likija, litambue, kisha rudi kwenye picha. Litakuja tena. Rudi tena. Huko kurudi ndiko mazoezi yenyewe.

Ikiisha, zima. Usiruhusu nyingine ianze yenyewe. Kaeni dakika mbili tatu bila kusema, halafu kila mmoja aseme kilichomgusa, au muombe kama ndiyo desturi ya nyumba yenu. Sehemu hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami naiona ya thamani kuliko zote, maana hapo ndipo akili inapata nafasi ya kujipanga upya.

Kwangu, mara moja kwa wiki inatosha. Anayekifukuzia kicho kila usiku hukizoea, na usingizi wake huumia, kwa sababu mwanga wa skrini usiku huchelewesha homoni ya usingizi. Afadhali asubuhi yake utoke nje uyatazame ya kwetu kwa macho yaleyale: mlima Loleza jua linapopiga, nguzo za udongo za Isimila, maua ya Kitulo msimu wa mvua. Katika utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wazee walitembea dakika 15 kila wiki kwa wiki 8. Waliofundishwa kutafuta vitu vya kustaajabisha njiani walipata hisia njema zaidi. Walikuwa wakijipiga picha njiani, na kadiri wiki zilivyoenda, katika picha hizo wao wenyewe walichukua nafasi ndogo zaidi, mandhari ikachukua kubwa, na tabasamu likaongezeka.

Swali: Je, hisia hizi kutoka kwenye filamu si kumkosea Mungu?

Swali hili nalipokea kwa heshima. Elimu ya afya inaeleza hisia inavyotokea na inavyougusa mwili. Inakoelekezwa ni suala la imani yako, na hapo mchungaji, padri au shehe wako anajua zaidi yangu. Wapo waumini wanaoniambia kwamba baada ya kuona vilindi vya bahari kwenye filamu, sala yao ya usiku huo ilikuwa tofauti. Sioni sababu ya kiafya ya kuwazuia.

Swali: Filamu za kutisha, za majini na uchawi, nazo husisimua mwili. Ni kitu kilekile?

Vinyweleo husimama vilevile, lakini matokeo hutofautiana. Utafiti wa Amie Gordon na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kicho kinachotokana na tishio huja na hofu na hisia ya kukosa nguvu, na faida kwa hali njema ya mtu hupungua. Mtu mzima anaweza kujichagulia. Watoto msiwaonyeshe usiku, watalala na ndoto mbaya.

Swali: Mwanangu ana miaka mitatu. Naye akae nasi?

Mama, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto chini ya mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Wa kwako mpe vipande vifupi mkiwa pamoja, mkivizungumzia. Mtoto wa umri huo hushangazwa na konokono kwenye majani ya mgomba, hahitaji skrini kwa hilo.

Swali: Tunaangalia kwenye kibanda umiza. Kuna tatizo?

Kusisimka pamoja na wengine kuna raha yake. Tatizo ni hewa. Chumba kilichofungwa na kujaa watu ni mahali ambapo kifua kikuu husambaa kwa urahisi, hivyo mwenye kibanda afungue madirisha hata kukiwa na baridi. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende kupima makohozi.

Swali: Nina kifafa. Niache filamu?

La, isipokuwa kama daktari ameona kwamba mwanga unaomulika huamsha degedege zako. Hali hiyo huwapata wachache tu kati ya wenye kifafa. Acha taa ya chumba iwake, kaa mbali na runinga, na mimuliko ya haraka ikianza funika jicho moja kwa kiganja na ugeuke pembeni. Dawa usiruke hata siku moja.

Swali: Kaka yangu anasema waigizaji wanamtumia ujumbe yeye peke yake, na kwamba amepewa ufunuo. Je, hiki nacho ni kicho?

Pole, dada. Aliyepatwa na kicho hujiona mdogo na hurudi kwenye kazi zake na watu wake. Mtu anayeamini kwamba runinga inamsema yeye, halali, anajitenga au anasikia sauti, anahitaji kuonwa na daktari wa afya ya akili mapema. Mpelekeni hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Msimfunge kamba wala kumpiga. Maombi yanaweza kuendelea sambamba na dawa.

Swali: Baridi ikizidi tunaingiza jiko la mkaa sebuleni tukiangalia filamu. Mwishoni wote tunaumwa kichwa. Ni mwanga wa runinga?

Hapana, na nakuomba hili ulichukulie kwa uzito kuliko yote niliyoandika. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Inang'ang'ania kwenye damu mahali pa oksijeni, na mtu anaweza kufa usingizini bila kushtuka. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu mzito. Wengi hudhani filamu ndiyo imewachosha, wakalala hapohapo.

Jiko libaki nje. Jifunikeni blanketi, vaeni soksi na masweta, kunyweni chai ya moto. Ikitokea watu wawili au zaidi chumbani wameanza kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni wote nje mara moja, fungueni milango na madirisha, na aliyelegea au kupoteza fahamu apelekwe hospitali usiku huohuo, hata kama ameanza kupata nafuu.