Si kila cheusi ni maji: ramani ya mafuriko kwa rada ya setilaiti

Mafuriko huja na mawingu, na mawingu ndiyo yanayoziba macho ya setilaiti za kawaida. Picha ya Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya inayopiga picha kwa mwanga wa jua, iliyopigwa siku mto ulipovunja kingo mara nyingi ni weupe mtupu kutoka pembe hadi pembe. Rada haina shida hiyo. Inatuma mawimbi yake yenyewe, ambayo kwa Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, yana urefu wa takribani sentimita 5.5, yanapenya mawingu, yanagonga ardhi, na kile kinachorudi ndicho kinachopimwa, usiku au mchana. Ukiombwa ramani ya mafuriko ya jana, anza na rada.

Kanuni yake inaonekana nyepesi mno. Maji yaliyotulia ni kama kioo kilicholazwa chini: wimbi linakuja kwa mshazari, linadunda kwenda upande wa pili, halirudi kwenye antena, na sehemu hiyo inatoka nyeusi. Nyasi, mawe na udongo uliolimwa hutawanya wimbi kila upande, kiasi fulani kinarudi, na sehemu hiyo inatoka kijivu. Wengi huishia hapo. Wanachukua picha moja, wanapaka buluu kila kilicho cheusi, wanaituma. Ramani hiyo imehesabu lami, viwanja vya ndege, mchanga mkavu na vivuli vya milima kuwa maji. Ramani ya mafuriko inatumika kuamua boti ziende wapi na mahema yajengwe wapi, kwa hiyo kosa lake linawaangukia watu waliokwisha kupata hasara.

Picha mbili za njia moja

Njia ninayoitetea ni ya kulinganisha: picha moja ya kabla ya mafuriko, nyingine ya wakati wa mafuriko, zote mbili kutoka njia ileile ya setilaiti. Hili la njia ndilo linalovunjwa zaidi. Sentinel-1 hutazama ardhi kwa ubavu, kwenye ukanda wa upana wa kilomita 250, na pembe ya wimbi hubadilika kutoka takribani nyuzi 29 upande wa karibu hadi nyuzi 46 upande wa mbali. Shamba lilelile, siku ileile, litatoa mwangaza tofauti likitazamwa kwa pembe mbili. Ukilinganisha mapito ya saa 12 jioni, setilaiti ikipanda kuelekea kaskazini, na ya saa 12 asubuhi ikishuka kuelekea kusini, kila mlima utaonekana umefurika upande mmoja na kukauka upande wa pili.

Ni rahisi kuhakiki, kwani jina la faili linasema kila kitu. Jina linaloanza na S1A_IW_GRDH_1SDV ni la Sentinel-1A, kwa hali ya ukanda mpana inayotumika karibu kila mahali nchi kavu, na herufi DV maana yake ni kwamba faili lina vipimo viwili, VV (wimbi limetumwa na kupokelewa likiwa wima) na VH (limetumwa wima, likapokelewa mlalo). Mbele zaidi kuna tarehe na saa ya kuanza na kumaliza, kisha namba ya tarakimu sita ambayo ni hesabu ya mizunguko tangu setilaiti irushwe. Setilaiti hufanya mizunguko 175 kwa siku 12, kisha inaanza upya. Kwa Sentinel-1A, toa 73 kwenye namba hiyo, gawanya kwa 175, chukua baki, ongeza 1. Namba 050000 inatoa 49927. Baki ni 52. Njia ni ya 53. Picha zako mbili zisipotoa namba moja, rudi kutafuta nyingine. Usijaribu kuzilazimisha.

Picha ya kabla iwe ya karibuni kadiri inavyowezekana, wiki chache tu kabla ya mvua kubwa. Ukichukua ya miezi sita nyuma utapima mazao yaliyoota na kuvunwa pamoja na mafuriko, na hutaweza kuvitenganisha. Kama eneo lina picha nyingi za njia hiyo, mimi huchukua nne au tano na kutumia thamani ya katikati ya kila pikseli. Hilo hupunguza chengachenga za rada, yaani nukta nukta za kelele kwenye picha, na pia hulinda dhidi ya siku moja ya upepo au umande.

Mpangilio wa hatua

Data ni ya bure kwenye tovuti ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia, na SNAP, programu ya Shirika la Anga la Ulaya, nayo ni ya bure. Anza kwa kuweka faili la njia, kwa sababu mahali setilaiti ilipokuwa, kama palivyoandikwa ndani ya picha, ni makadirio. Faili sahihi kabisa hutoka takribani siku 20 baadaye. Wakati wa dharura yatosha lile la muda linalotoka ndani ya saa chache. Kisha ondoa kelele ya joto ya mtambo, geuza namba ghafi kuwa thamani halisi za mwangaza, chuja chengachenga kwa kichujio cha Lee chenye dirisha la 7 kwa 7, sahihisha picha kwa modeli ya mwinuko (data ya urefu wa ardhi), na mwisho kabisa geuza kuwa desibeli (dB), yaani kipimo cha logi cha nguvu ya wimbi lililorudi.

Kichujio kije kabla ya desibeli, si baada. Kichujio hufanya wastani, na wastani wa desibeli si wastani wa nguvu. Wastani wa 1 na 0.01 ni 0.505, yaani karibu dB −3. Zigeuze kwanza, zinakuwa dB 0 na dB −20, na wastani wake ni dB −10. Pikseli ile imezama bila tone la maji. Ni kosa hilohilo linalowakuta wanaogawanya desibeli za baada kwa desibeli za kabla. Kwenye thamani za kawaida unagawanya. Kwenye desibeli unatoa.

Kwa modeli ya mwinuko napendelea ya Copernicus ya mita 30. Modeli ya zamani, SRTM, ilipimwa Februari 2000 na inaishia nyuzi 60 kaskazini na nyuzi 56 kusini. Mahali penye mabwawa, machimbo au makazi mapya, ardhi ile haipo tena.

Wanaotumia Google Earth Engine, huduma ya kuchakata picha za setilaiti mtandaoni, wameondolewa sehemu kubwa ya kazi hii, ila kuna mtego. Picha za Sentinel-1 kwenye mkusanyiko wake wa kawaida tayari ziko kwenye desibeli, na hazijachujwa. Ukitafuta logi tena, thamani nyingi ni hasi, na logi ya namba hasi haipo: picha inatoka tupu. Ukitaka kuchuja, tumia ule mkusanyiko mwingine, wenye thamani zisizogeuzwa kuwa desibeli.

Pikseli tatu kwa karibu

Pikseli ya kwanza ni shamba tupu. Kabla ilikuwa dB −10, sasa ni dB −20. Kila dB 10 ni nguvu kubaki sehemu moja ya kumi, na dB 3 ni nusu. Mvua peke yake haifanyi hivyo. Udongo ulioloa kwa kawaida hung'aa zaidi kwenye rada, si kufifia. Hapa maji yamelala juu ya ardhi.

Pikseli ya pili ni lami ya uwanja wa ndege. Kabla dB −21, sasa dB −21. Ni nyeusi kuliko lile shamba lililofurika, lakini haikubadilika. Kwenye picha moja ingeitwa ziwa.

Pikseli ya tatu ni matete. Kabla dB −9, sasa dB −6. Imeng'aa maradufu, na bado imefurika: wimbi linagonga maji, linadundia kwenye mashina yaliyosimama, linarudi moja kwa moja kwenye antena. Kuta za nyumba zilizozingirwa na maji hufanya vivyo hivyo. Anayetafuta weusi tu hataziona, na mara nyingi hapo ndipo watu walipo. Kwa sababu hii mimi hutengeneza tabaka la pili la pikseli zilizopanda kwa dB 3 au zaidi, zikiwa zimegusana na maji ya wazi, na huliita kwa jina lake: maji yanayodhaniwa chini ya mimea na kati ya majengo. Silichanganyi kamwe na tabaka la kwanza, maana uhakika wake ni mdogo.

Kwa maji ya wazi naweka masharti mawili kwa pamoja: pikseli iwe imeshuka angalau dB 3, na thamani yake ya sasa iwe chini ya kizingiti. Kizingiti hukitafuti kwa kubahatisha. Njia aliyoichapisha Nobuyuki Otsu mwaka 1979 huangalia histogramu, yaani chati ya idadi ya pikseli kwa kila thamani, na kutafuta mahali panapotenganisha makundi mawili vizuri zaidi. Kwa VV jibu mara nyingi huangukia kati ya dB −15 na −18. Sharti lake ni kwamba histogramu iwe na vilima viwili. Ukimpa Otsu picha nzima ambamo maji ni asilimia mbili, kilima cha maji hakionekani, naye atagawanya ardhi kwa ardhi. Kata kipande ambamo maji na nchi kavu vinakaribiana kwa ukubwa, tafuta kizingiti humo, kisha kitumie kwenye picha nzima.

Upepo ni adui mwingine. Mawimbi madogo juu ya maji huyafanya yarudishe rada, na ziwa zima linaweza kung'aa kama nchi kavu. VH huathirika kidogo kuliko VV, kwa hiyo katikati ya maji ukiona mabaka meupe yasiyo na sura ya kisiwa, fungua VH uhakikishe kabla ya kuyafuta.

Kusafisha, halafu kuhesabu

Matokeo ya kwanza huwa machafu. Toa maji ya kudumu kwa tabaka la maji ya dunia la Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Tume ya Ulaya, lililotengenezwa kwa picha za setilaiti za Landsat kuanzia 1984. Pikseli yenye maji miezi 10 au zaidi kwa mwaka ni mto au ziwa, si mafuriko. Toa miteremko inayozidi asilimia 5, maana maji hayalali kwenye mteremko, bali vivuli vya rada ndivyo vinavyolala huko. Ondoa pia makundi ya pikseli chini ya 25, yaani robo hekta, isipokuwa kazi yenyewe ni ya mashamba madogo sana.

Kabla ya kupima eneo kwenye QGIS, programu ya ramani, hamisha tabaka kwenye UTM ya kanda husika, mfumo wa ramani unaopima kwa mita. Anayepima likiwa bado kwenye nyuzi anaweza kupata namba kama 0.0041, ambayo ni nyuzi za mraba na haina maana kwa yeyote. Kwenye UTM hesabu ni ya mkono: pikseli ya mita 10 ni mita za mraba 100, na pikseli 100 ni hekta moja.

Kosa linalonitia wasiwasi kuliko yote liko kwenye hesabu ya watu. Tabaka la ramani ya watu kama la WorldPop huhifadhi idadi ya watu ndani ya pikseli ya takribani mita 100. Ukiligawa kuwa pikseli za mita 10 ili lilingane na mafuriko, programu inanakili namba ileile mara 100. Watu 12 wanakuwa 1,200, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea. Ama gawanya kila thamani kwa 100 baada ya kuligawa, au liache kama lilivyo, tafuta ni sehemu gani ya kila pikseli kubwa imefunikwa na maji, kisha zidisha.

Kwa barabara, kukatisha mistari ya barabara ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kwa poligoni za maji kunatoa kilomita zilizo ndani ya eneo la mafuriko. Hakutoi kilomita zilizofungwa. Barabara ya upana wa mita 6 ni nyembamba kuliko pikseli, na tuta lake linaweza kuwa limesimama kavu kati ya maji mawili. Andika hivyo kwenye maelezo ya ramani.

Uhakiki na tarehe

Mawingu yakifunguka, chukua picha ya Sentinel-2 ya siku iliyo karibu na utumie fahirisi ya maji: bendi ya kijani, B3, ukitoa bendi ya infraredi ya karibu, B8, gawanya kwa jumla yake. Thamani zaidi ya sifuri kwa kawaida ni maji, ingawa maji yenye tope jingi hushuka karibu na sifuri. Tupa nukta za nasibu, angalau 50 ndani ya maji na 50 nje, uzitazame moja moja kwa jicho. Toa takwimu mbili tofauti: ni ngapi ulizoita maji zikawa kavu, na ni ngapi ulizoita kavu zikawa maji. Takwimu moja tu ya usahihi wa jumla huficha ya pili, kwa kuwa sehemu kubwa ya picha yoyote ni nchi kavu.

Tarehe iandikwe kwa herufi kubwa kama kichwa chenyewe, pamoja na saa. Setilaiti moja hurudi kwenye njia ileile kila siku 12, zikiwa mbili kila siku 6. Sentinel-1B iliacha kufanya kazi Desemba 2021, na Sentinel-1C ilirushwa Desemba 2024, hivyo kwa picha za kati ya miaka hiyo tarajia mapengo marefu. Mto mfupi wenye mkondo wa kasi hupanda na kushuka ndani ya saa chache, na rada huenda ikapita siku tatu baadaye, matope tu yamebaki. Kwa mto wa namna hiyo andika “maji yaliyoonekana” kwa tarehe na saa ya picha, na usiandike popote “upeo wa mafuriko”.