Oili chafu haiui mianzi

Wiki hii nimeitwa tena, huku huku Arusha. Mteja alikata mianzi yake hadi chini, akavimwagia visiki oili chafu, juu yake akaweka chumvi ya mawe. Eti aliambiwa itakufa. Masika yameingia, na machipukizi yametokea hatua nne kutoka pale, mengine kwa jirani.

Jamani, hili nimelisikia mno. Kisiki si roho ya mwanzi. Huu unaotambaa, wa rangi ya dhahabu, wenye pingili zilizobanana karibu na ardhi, uhai wake uko kwenye shina la chini, limelala kama tangawizi ndefu, mara nyingi ndani ya sentimita 30 za juu. Akiba kubwa ya chakula iko humo. Oili ikimwagwa inabaki kuharibu udongo wako, ambao mchicha utaukataa, huku mwanzi umeshasogea mbele. Nilifukua kipande cha urefu wa kiganja: cha manjano, kigumu kama mfupa, kila kifundo kina jicho lenye ncha. Jicho moja likibaki kwenye unyevu, kazi inaanza upya.

Mwanzi huuawa kwa njaa. Subiri vijiti vya masika virefuke, ukate vyote kabla havijafungua majani. Hapo akiba ya chini imepungua sana. Baada ya hapo, kila chipukizi linalofika gotini livunje, ni laini, hata teke linatosha. Usiliache jani hata moja lione jua. Ni kazi ya misimu miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi, na anayekuahidi wiki mbili anakudanganya. Mwenye haraka achukue sululu, si panga, aanzie pembeni akielekea katikati, ang'oe kila kipande na kukianika juu ya saruji mpaka kikauke kabisa. Nawasihi, msitupe korongoni. Kitaota huko.

Kuchoma? Moto unakula vya juu tu, na pingili hulipuka kwa hewa iliyofungwa ndani. Dawa ya magugu inayopita kwenye majani haina kazi kwenye kijiti kikavu, inahitaji kurudiwa, na shina likiwa limeungana na la jirani unaweza kumuulia na wake. Ukuta nao hauzuii kitu kama msingi ni mfupi: shina linaufuata hadi lipate ufa au lipite chini.

Halafu si kila mwanzi ni adui. Ile ya Iringa, inayogemwa pombe ya ulanzi, hukaa kwenye kichaka chake, haitambai hovyo. Msiikate kwa hofu.

Kwa yule mteja tumeanza Jumamosi, upande wa jirani kwanza, kwa ruhusa yake. Magunia matatu ya mashina yanakauka juu ya saruji ya gereji.