Kima cha chini cha mshahara kikipanda, bei hupanda kiasi gani?

Kima cha chini cha mshahara ni kiwango ambacho sheria haimruhusu mwajiri kulipa chini yake. Hapa Kenya nyongeza yake kwa kawaida hutangazwa Mei Mosi, Siku ya Wafanyakazi. Mwaka 2022 ilitangazwa ya asilimia 12. Mwaka 2024, asilimia 6. Ikishatangazwa, barazani Lamu watu husema: basi, kila kitu kitapanda. Hofu hiyo ina ukweli, ila ukweli wenyewe ni mdogo.

Chukua mkahawa unaouza mahamri kwa mbaazi. Pesa ya mteja inalipia unga, sukari, mafuta, nazi, makaa, kodi ya nyumba, faida ya mwenyewe, na ujira wa mpishi na wahudumu. Tuseme ujira ni robo ya gharama zote. Ujira huo ukipanda kwa asilimia 12, gharama nzima inapanda kwa asilimia 3 tu. Chakula cha shilingi 100 kitafika 103, na hapo ni pale mwenye mkahawa asipokubali kupunguza faida yake hata kidogo. Anayedai 120 kwa sababu ya mishahara, ana sababu nyingine.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, karibu asilimia 19. Wachumi David Card na Alan Krueger walililinganisha na jirani yake, Pennsylvania, kwenye migahawa ya chakula cha haraka. Bei zilipanda zaidi New Jersey, kwa takriban asilimia 4. Ajira haikupungua.

Lamu kuna mengine yanayosukuma bei kwa nguvu zaidi. Unga na saruji huvuka kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara, kwa hiyo mafuta ya boti yakipanda, duka zima linapanda. Samaki naye hupanda bei upepo wa kusi ukichafua bahari, hata kama hakuna aliyeongezwa mshahara.

Kinachoniuma ni wale wasioguswa na nyongeza. Mvuvi anayelipwa kwa mgao wa samaki na mama anayekaanga viazi karai hawana mwajiri wa kuwaongeza. Yaya anaye, lakini mara nyingi tajiri wake hulipa anavyotaka na hakuna anayekuja kukagua. Hao watatu wakienda mkahawani, watalipa 103 kama wengine.