Sumu ya mimea maabara: "si mpeleke tu damu, watajua kala nini"

Hii ndo inanichosha kuliko zote. Watu wanadhani kuna kipimo kimoja unaweka damu kinakutajia mmea. Hamna. Kile kipimo cha haraka cha mkojo kimetengenezwa kwa ajili ya madawa ya kulevya na dawa chache za kawaida, sasa mtu katafuna mbegu za mnanaha, wengine wanauita datura, anaweweseka, mboni zimetanuka, mdomo mkavu, moyo unakimbia, kipimo kinarudi safi kabisa maana atropini na skopolamini, zile sumu za mnanaha, hazimo kwenye orodha yake. Kuzipata inabidi itumike ile mashine ya kutenganisha kemikali na kupima uzito wa molekuli, na hata hiyo mara nyingi inawekewa kabisa orodha ya vitu vya kutafuta. Usiposema unashuku nini, unawafanya wapapase gizani.

Alafu kuna wanaosema majibu yakirudi "hakuna" basi hamna sumu. Mwandishi wa Bulgaria, Georgi Markov, alichomwa kitu pajani London mwaka 1978 akafa siku chache baadaye, wakatoa mwilini mwake kigololi cha chuma kisichofika milimita 2, lakini risini yenyewe, ile sumu ya mbegu za mbarika inayoaminika ndiyo ilimuua, haikuwahi kuonekana! Walifikia kusema ni risini kwa kuangalia dalili na udogo wa dozi ambayo kile kigololi kingebeba, wakamdunga nguruwe risini naye akafa kwa dalili zinazofanana. Siku hizi aliyetafuna mbegu za mbarika anapimwa risinini kwenye mkojo, hiyo ni alkaloidi ndogo, yaani kemikali ya mmea, inayokaa mbegu moja na risini. Siyo yenyewe inayoua, inaonyesha tu kwamba mbarika imepita. Ila mtu akipewa risini iliyosafishwa sana, risinini inaweza isionekane.

Na majibu ya "ipo" nayo yanadanganya. Mtu kala majani ya oleanda, hajawahi kumeza digoksini, ile dawa ya moyo, maishani, wanampima digoksini na inasoma! Molekuli zinafanana, kipimo kinachanganyikiwa. Hiyo inasaidia kushuku, lakini ile namba haisemi kala kiasi gani wala hali yake ni mbaya kiasi gani, na ukibadilisha aina ya kipimo namba inabadilika. Ndo maana daktari anafuata ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na potasiamu ya damu, hakai kusubiri namba.

Kwa mifugo, dhana ni kwamba mnyama akishakufa ushahidi umeisha. Wakati tumboni mwake ndo kuna kila kitu! Vipande vya majani kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe vinaweza kutambulika kwa macho au hadubini kabla hata mashine haijawashwa. Kinachoniuma ni watu kutumbukiza kila kitu kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi viungo visioze. Fomalini ni ya kuangalia tishu, kwa kupima kemikali inaharibu, kwa hiyo ini likate vipande viwili, kimoja fomalini, kingine kigandishwe. Ukishuku naitreti chukua maji ya jicho, yanadumu kuliko damu. Sayanaidi, kama ya mtama mchanga, inapotea haraka, sampuli iwahi, chombo kifungwe kisipitishe hewa, kisha igandishwe.

Ya mwisho ni lile swali la "jana alikula nini?" Kwa sumu nyingi ni swali zuri tu. Ila kwa alkaloidi za pirolizidini, zile za mimea kama Senecio na baadhi ya Crotalaria, ini linaharibika polepole, mnyama anakonda na kuumwa wiki au miezi baada ya kula, tumboni hamna hata jani. Hapo maabara wanachunguza ini lenyewe, kuna mabaki ya sumu yanayong'ang'ania kwenye protini zake, na mwenye mifugo aulizwe malisho ya msimu uliopita, pamoja na majani makavu maana kukauka hakuiondoi hiyo sumu.