Eti simu mpya ikae kwenye chaja masaa nane kwanza?

Juzi mdogo wangu kanunua simu, hajaiwasha hata, kaichomeka kwenye chaja kakaa nayo pembeni kama kuku aliyelalia mayai. Namuuliza vipi mbona huitumii, ananijibu "mpaka zifike masaa nane, betri izoee kwanza." Nikacheka weee, afu nikanyamaza maana nilikumbuka mi mwenyewe ndo nilimfundisha hayo enzi hizo. Na wala sikumdanganya, ila simu niliyokuwa naiongelea ilishakufa zamani, na betri za aina ile hazipo tena kwenye simu yoyote utakayouziwa leo.

Ndo nikagundua kitu, ushauri mwingi tunaopeana kuhusu hivi vifaa haukuanza kama uongo. Ulikuwa kweli kabisa kwa kifaa fulani, kifaa kikafa, ushauri ukabaki unazurura wenyewe.

Tuanze na hilo hilo la betri maana ndo lina mambo mengi. Betri za zamani za nikeli na kadimiamu zilikuwa na ugonjwa wake, ukizoea kuzichaji zikiwa nusu zinazoea hiyo nusu, baadae zinakuwa kama zimesahau sehemu iliyobaki, kwa hiyo watu wakaambiwa maliza chaji yote ndo uchomeke, na ikiwa mpya ijaze mpaka ishibe. Sawa. Sasa Sony walianza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, na hao waliozitengenezea njia, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, wakaja kupewa Nobel ya Kemia mwaka 2019, yaani dunia ishapiga makofi imemaliza na sisi bado tunasubiri masaa nane. Lithiamu haina huo ugonjwa wa kusahau. Yenyewe ni kinyume, haipendi kukaushwa mpaka sifuri kila siku na haipendi kukaa imejaa pomoni muda mrefu, inapenda katikati, ndo maana utasikia watu wanasema asilimia ishirini mpaka themanini. Simu mpya ikitoka kwenye boksi na chaji kidogo iwashe, itumie, basi.

Na hii nyingine, "usichomeke chomeke hovyo unamaliza mizunguko ya betri." Mzunguko hauhesabiwi kwa kuchomeka jamani. Unahesabiwa ukishatumia jumla ya asilimia mia, leo ukitumia sitini ukachaji, kesho ukatumia arobaini, huo ndo mzunguko mmoja. Apple wanasema betri za iPhone 15 zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1000, za kabla yake walikuwa wanasema 500. Kwa hiyo kuchaji dakika kumi kabla hujatoka nyumbani hakuna ulichokiua.

Kulala na simu kwenye chaja je? Hapa mi nakubali nusu. Simu haiwezi "kujaa ikapasuka", ndani kuna saketi inayokata umeme ikijaa, na simu nyingi sa hivi zinajifunza unaamka saa ngapi, zinasimama themanini afu zinamalizia karibu na asubuhi, iPhone walileta hiyo mwaka 2019 na iOS 13. Kinachoua betri ni joto. Mi nilikuwa na tabia ya kuweka simu chini ya mto ikiwa inachaji na kava lake nene, usiku mmoja nikaigusa mgongoni nikadhani nimeshika pasi, na betri ile ilikuja kuvimba mpaka kioo kikaanza kuachia pembeni, ukiangalia kwa upande unaona mwanga unapita. Ukitaka kulala inachaji iache mezani, vua kava kama inapata moto, kwishney.

Sasa kuna wale wanaogopa chaja kubwa, eti chaja ya wati 65 itaunguza simu ya wati 18. Hapana bwana. Simu na chaja za siku hizi zinaongea kwanza, chaja inataja ilichonacho, simu inachagua inachoweza kula, haimwagiwi umeme kama maji ya bomba. Mi naogopa zaidi ile chaja nyepesi kama karatasi isiyo na jina la maana, maana humo ndani walichopunguza ni vile vitu vya usalama usivyoviona. Na waya pia, watu wanadhani waya zote za USB-C ni sawa kwa sababu mdomo ni mmoja. Ulaya wameweka sheria kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa kule ziwe na mdomo huo, vizuri sana, ila mdomo kufanana hakufanyi waya zifanane tumboni, nyingine zinapitisha umeme mwingi, nyingine kidogo, nyingine ukihamisha video utazeeka. Kabla hujailaumu simu kwamba inachaji taratibu badilisha waya kwanza uone.

Simu ikiingia maji. Aisee. Kila mtu anajua jibu, mchele. Mi nimefanya, simu ilidondoka kwenye sinki nikaizika kwenye mchele siku mbili, ikawaka, nikawa balozi wa mchele mwaka mzima. Kumbe ilichofanya kazi ni zile siku mbili za kuiacha imezimwa. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani ya simu kuliko hewa ya kawaida, na unaacha vumbi na chembe kwenye tundu la chaji, Apple wenyewe kwenye maelekezo yao wanakataza kuiweka kwenye mchele kwa sababu hiyo hiyo. Zima hapo hapo, usijaribu "kuona kama bado inafanya", usichomeke chaja, futa, igonge taratibu kiganjani tundu likiangalia chini, iache sehemu yenye hewa inayopita. Na usipulizie draya ya nywele, unayasukuma maji ndani zaidi na joto juu. Kinachoharibu simu mara nyingi sio maji yenyewe, ni umeme kupita kwenye maji yenye chumvi chumvi, vyuma vinaliwa kidogo kidogo, ndo maana inaweza kuwaka leo ikafa baada ya wiki tatu ukamsingizia mtoto.

Wale wa "yangu ni IP68 naogelea nayo", taratibu. Hiyo namba ya kuzuia vumbi na maji inatokana na kipimo cha maabara, maji safi, simu mpya, kina na muda aliosema mtengenezaji. Bahari haimo, sabuni haimo, maji ya moto hayamo. Na ile mipira ya kuziba inazeeka kama mpira mwingine wowote, na kama fundi ameshaifungua akabadilisha kioo, mi ningeihesabu kama simu ya kawaida tu.

Kufunga funga apu zote kila baada ya dakika tano, hili sitalikalia sana, ni tabia tuliyotoka nayo kwenye kompyuta za zamani. Simu inagandisha apu usiyoitumia, ukiifunga na ukairudia inabidi ianze upya kutoka mwanzo, na hapo ndo inakula zaidi. Mwaka 2016 Craig Federighi wa Apple aliulizwa kama inasaidia betri akajibu hapana, na Hiroshi Lockheimer aliyekuwa anasimamia Android akasema hivo hivo. Apu ikigoma ifunge hiyo moja. Lakini najua hamtaacha, kidole kishazoea.

Kitu kinachokula betri mjini na hakuna anayekishuku ni mtandao dhaifu. Uko kwenye lifti, uko kwenye maegesho ya chini ya ghorofa, uko ofisi yenye kuta nene, simu inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili mnara uisikie, unashangaa saa sita mchana betri ishafika thelathini na hujacheza hata gemu. Na vile vimstari vya mtandao vikijaa vyote haimaanishi intaneti itakimbia. Vinaonyesha mnara unasikika vizuri kiasi gani, havionyeshi mko wangapi mnaoukamua. Ndo maana uwanjani siku ya mechi vimstari vimesimama vyote na picha moja haiendi, afu kila kampuni ya simu ina namna yake ya kuvichora, kwa hiyo kulinganisha vimstari vyako na vya jirani ni kujisumbua.

Hili la simu kutusikiliza linaleta ugomvi kila likitajwa. Umeongelea magodoro, jioni unaletewa tangazo la magodoro. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern kule Marekani walipima apu za Android 17,260, hawakukuta hata moja iliyokuwa inawasha maiki kimya kimya na kutuma sauti. Ila walikuta kitu kingine, kuna apu zilikuwa zinarekodi kinachoendelea kwenye kioo na kupeleka kwa kampuni nyingine. Umeona sasa, tunalinda mlango na dirisha liko wazi. Wauza matangazo hawahitaji kukusikia, wanajua ulipita wapi, ulitafuta nini, ulikaa sekunde ngapi kwenye video gani, na uko waifai moja na nani, na huyo mwenzio labda ndo aliyetafuta magodoro.

Hapo hapo mtu anasema "mi natumia hali fiche", ile incognito ya kuperuzi kwa siri, yenye alama ya kofia na miwani. Ile inamzuia mwenye kushika simu yako asione historia, basi. Mtandao unaokupa intaneti unaona unakoenda, mwenye waifai ya ofisi anaweza kuona, tovuti uliyoingia inakuona. Google walishtakiwa mwaka 2020 kuhusu jambo hili, na mwaka 2024 wakakubali kwenye makubaliano ya kesi kufuta kumbukumbu nyingi walizokusanya watu wakiwa humo. Jina ndo limetuponza, mtu akiona kofia na miwani anajiona jasusi.

Kamera nitasema haraka. Enzi za megapikseli 0.3 kupanda mpaka 2 ilikuwa tofauti ya mbingu na ardhi, tukazoea kwamba namba kubwa ndo picha nzuri. Google walikaa na kamera kuu ya megapikseli 12 hivi kuanzia Pixel ya 2016 mpaka ya 2020 na picha zao zilikuwa zinasifiwa kila mahali. Simu nyingi zilizoandikwa 48 zinaunganisha vipikseli vinne kuwa kimoja, picha inayotoka ni ya 12. Ukubwa wa sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), lenzi, na programu inayochakata picha, hapo ndo pa kuuliza. Afu futa lenzi na shati lako kabla ya kupiga, nusu ya malalamiko ya kamera mbovu ni mafuta ya vidole.

Ya mwisho inanihusu mimi. Naamini sana kwenye ile rangi nyeusi ya kioo, kila apu nimeigeuza nyeusi ili kutunza betri. Inatunza kweli, kwenye vioo vya OLED, kwa sababu kila nukta inajiwashia taa yake, na nyeusi maana yake nukta imezimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walipima mwaka 2021, mwanga ukiwa asilimia 30 mpaka 50 unaokoa asilimia 3 mpaka 9 tu, mwanga ukiwa juu kabisa ndo unaokoa asilimia 39 mpaka 47. Kioo cha LCD chenyewe kina taa nyuma inayowaka muda wote, uweke nyeusi uweke nyeupe haijali. Jana nikaingia kuangalia sifa za simu yangu, LCD. Miaka miwili nasoma gizani bure.